Ventimiglia hadi La Spezia kwa baiskeli yenye mizigo: shajara ya mradi

Njia. Hali: imeamuliwa

Baiskeli mbili za safari zitabeba mizigo yake zenyewe kutoka Ventimiglia, mpakani mwa Italia na Ufaransa, hadi La Spezia. Huo ni karibu mkoa wote wa Liguria, na barabara yake ni Aurelia, yaani SS1. Umbali ni kati ya kilomita 270 na 280, kutegemea mara ngapi utaiacha Aurelia na kufuata njia za baiskeli zilizojengwa juu ya reli ya zamani.

Ukiitazama ramani utadhani ni matembezi ya ufukweni, lakini sivyo. Milima inashuka moja kwa moja hadi majini, na kila rasi ni kilima: unapanda mita 60, 100, 130, unarudi usawa wa bahari, unapita mji, unaanza tena. Kilima kinachovuka mita 600 ni kimoja tu, Bracco, nacho kiko siku ya mwisho. Kwa hiyo wanaojiandaa kwa mlima mmoja mrefu wanakosea hesabu. Kinachochosha hapa ni kupanda kwingi kufupi na kushuka kwingi kufupi, kwenye kona, huku magari yakiwa nyuma yako. Gia na breki ndizo tulizozipa muda mwingi kuliko kitu kingine chochote, pamoja na uzito wenyewe.

Mwelekeo ni magharibi kwenda mashariki. Italia wanaendesha kulia, kwa hiyo ukielekea mashariki bahari iko upande wako. Unasimama kwenye vituo vya kando bila kukata barabara, na magari yanayotoka kwenye kona za ndani ya mwamba yako upande wa pili. Ubaya wake ni kuta za ukingoni. Sehemu nyingine ni za mawe ya zamani, fupi kuliko kitovu cha mtu aliyekaa kwenye baiskeli, na chini yake ni genge. Hapo usijibane ukingoni. Shika mstari karibu mita moja kutoka ukutani.

Gia. Hali: imekamilika

Baiskeli ya kwanza ilikuja na gia za mbele za meno 50 na 34, na kaseti, yaani rundo la gia za nyuma, ya meno 11 hadi 28. Kwa barabara za tambarare inatosha, ila kwa mzigo na mwinuko wa asilimia 10 haitoshi, na hesabu inaonyesha sababu.

Gurudumu lenye tairi la milimita 37 lina mzunguko wa karibu mita 2.18. Gia nyepesi kabisa ya 34 kwa 28 inakusogeza mita 2.65 kila pedeli inapozunguka mara moja. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 9.5 kwa saa. Mtu, baiskeli na mizigo vikiwa kilo 105, mwendo huo kwenye asilimia 10 unadai karibu wati 290 kutoka miguuni. Mwendeshaji wa kawaida hawezi kutoa nguvu hiyo zaidi ya dakika chache. Atakachofanya ni kupunguza mzunguko hadi 40, akisukuma kwa magoti, na magoti ndiyo yatakayogoma siku ya tatu.

Tumeweka 46 na 30 mbele, na kaseti ya 11 hadi 34 nyuma. Sasa 30 kwa 34 inakusogeza mita 1.92, mwendo ni karibu kilomita 7 kwa saa, na mahitaji yanashuka hadi wati 210. Bado ni kazi, lakini ni kazi inayowezekana.

Mabadiliko haya hayafanywi kwa kununua kaseti peke yake. Mambo manne huwashinda watu:

- Derela ya nyuma, kifaa kinachohamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine, lazima iweze kumeza tofauti yote ya meno: 46 kutoa 30 ni 16, na 34 kutoa 11 ni 23, jumla 39. Derela nyingi za mbio, zenye mkono mfupi, haziwezi, na mnyororo unalegea ukiwa kwenye gia ndogo mbele na nyuma.
- Mnyororo wa zamani unakuwa mfupi. Uzungushe kwenye gia kubwa mbele na kubwa nyuma bila kuupitisha kwenye derela, kisha ongeza pingili mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Ukiuacha mfupi, siku utakayoingia kubwa kwa kubwa bila kukusudia, derela itang'oka pamoja na sikio lake.
- Bolti ya B, ile inayosogeza derela mbali na kaseti, irekebishwe mpaka nafasi kati ya kigurudumu chake cha juu na gia kubwa ya kaseti ifike milimita 5 au 6. Ikiwa ndogo zaidi utasikia msuguano kila unapoingia gia nyepesi.
- Derela ya mbele ishushwe. Sahani yake ya nje ikae milimita 1 hadi 3 juu ya meno ya gia kubwa. Ikibaki pale ilipokuwa kwa ajili ya 50, mnyororo utadondoka ndani hasa pale unapouhitaji, mwanzoni mwa kilima.

Mnyororo umepimwa kwa rula ya chuma. Ukiwa mpya, pingili 24, yaani kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, ni milimita 304.8. Ukifika 306.3 umetanuka nusu ya asilimia, na kwa mfumo wa gia 11 huo ndio wakati wa kuubadilisha. Wa baiskeli ya pili ulikuwa umeshapita, na umetolewa.

Breki. Hali: baiskeli ya kwanza tayari, ya pili inasubiri diski

Watu wengi huamini kuwa kushuka polepole ndiko kunakotunza breki. Kwa mzigo huu ni kinyume chake.

Kilo 105 zikishuka mita 100 zinaachia kilojouli 103 za nishati. Sehemu inachukuliwa na upepo na msuguano wa matairi, na inayobaki yote inageuka joto kwenye breki. Kwenye mteremko wa asilimia 8, ukishuka kwa kilomita 40 kwa saa, upepo unachukua zaidi ya nusu, na breki zinapata karibu kilojouli 40. Ukishuka kwa kilomita 20 kwa saa huku umebana mfululizo, upepo hausaidii kitu, na breki zinapata zaidi ya 80. Joto linakuwa maradufu kwa kimo kilekile.

Utaratibu basi ni huu: penye mstari ulionyooka unaachia, kabla ya kona unabana kwa nguvu breki zote mbili, kisha unaachia tena na kupinda. Usifunge breki katikati ya kona. Ukihisi mkono wa breki unaingia mbali kuliko kawaida, au ukisikia harufu ya kuungua, simama dakika kumi na usimwagie diski maji. Diski iliyochemka ikipoozwa ghafla inajikunja.

Mbele tumeweka diski ya milimita 180, nyuma 160. Kabla ya kuongeza ukubwa wa mbele, soma maandishi ya mtengenezaji wa foko, kwani foko nyingi za baiskeli za barabarani zinaishia 160. Diski iliyovaa chini ya milimita 1.5 haifai tena, na pedi inabadilishwa ikibaki nusu milimita ya kitu cha kusugua. Tumechagua pedi za chuma kilichochomwa. Zinapiga kelele kwenye mvua na zinahitaji kilomita kadhaa za kuzoea, lakini haziishi haraka kama zile za resini, wala hazing'ai kwa joto. Hakikisha kwanza diski yako inazikubali, maana zipo zilizoandikwa kuwa ni za resini tu.

Kwa anayetumia breki za raba: joto linaingia kwenye rimu, na rimu linapasha mpira wa ndani. Kiraka cha zamani kilichogandishwa kwa solusheni kinaweza kuachia katikati ya mteremko. Kwa safari kama hii gurudumu la mbele liwe na tyubu isiyo na kiraka hata kimoja.

Angalizo kwa waliojifunzia Kenya, Tanzania au Uganda. Huko, kwa desturi iliyotoka Uingereza, breki ya mbele iko mkono wa kulia. Baiskeli nyingi zinazouzwa bara la Ulaya zina breki ya mbele kushoto. Ukikodi Sanremo, lijaribu hilo kwenye uwanja kabla hujaona kona ya kwanza. Na kwenye mizunguko ya barabara mnazunguka kinyume na saa, wenye haki ya kupita wakitoka kushoto kwako. Alama za barabarani hazidanganyi, ni mazoea ya macho yanayodanganya, hasa asubuhi barabara ikiwa tupu.

Mizigo na magurudumu. Hali: imekamilika

Mzigo wa kila baiskeli ni kilo 14: tisa nyuma, tano mbele. Mgawo huu umetokana na kilima, siyo na urembo. Ukiweka kilo zote nyuma, kwenye asilimia 10 gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwa mwendo wa kilomita 6 au 7 kwa saa usukani unayumba kushoto na kulia. Ukiyumba na lori liko nyuma, umekwisha. Mkoba wa kwenye usukani nao usizidi kilo 2. Ukiwa mzito na uko juu, baiskeli inaanza kutetemeka ukishuka kasi. Tetemeko likija, bana fremu kwa magoti na punguza mwendo taratibu.

Kuhusu kupunguza uzito tumefanya hesabu kidogo ya kutuliza mioyo. Kilo moja kwenye Bracco inagharimu chini ya dakika moja. Sufuria nyepesi ya bei kali haibadilishi safari, gia ya 34 inaibadilisha.

Bolti za keria ni za M5. Zimepakwa gundi ya kufungia nyuzi na kukazwa nyutoni-mita 5. Zinalegea kwa mtikisiko wa lami mbovu, na ya kwanza kutoka huwa ile ya chini upande wa kaseti, ambayo ikitoka inaangukia kwenye mnyororo. Zimo nne za akiba mfukoni, si chini ya mkoba.

Gurudumu la nyuma lina spoku 36. Spoku zinazokatika ni za nyuma upande wa kaseti, kwa sababu ndizo zinazovutwa kwa nguvu zaidi, na huwezi kuzibadilisha bila kutoa kaseti. Kifaa cha kutolea kaseti kimo, pamoja na spoku tatu zilizofungwa kwenye fremu kwa gundi ya karatasi.

Matairi ni milimita 37, PSI 50 mbele na 58 nyuma. Vali ni nyembamba za Presta, na pampu ya kawaida ya kituo cha mafuta haiziingii bila adapta ya shaba. Adapta hiyo ni ndogo kama kipande cha kucha na inapotea. Ikae imefungwa kwenye vali yenyewe.

Ramani na mwinuko. Hali: imerekebishwa, faili mpya zimehifadhiwa

Programu za kupanga njia zilitupa jumla ya mwinuko isiyowezekana, na sababu ni mahandaki. Programu inachukua kimo cha ardhi kutoka kwenye picha ya uso wa dunia, haijui kwamba njia iko chini ya mlima. Kati ya Ospedaletti na Sanremo njia ya baiskeli inapita handaki la Capo Nero, kilomita 1.75, karibu sawa kabisa na bahari. Kwenye mchoro wa mwinuko linaonekana kama mlima mkali unaopanda na kushuka. Kila handaki na kila daraja refu huongeza uongo wake.

Dawa: tafuta kwenye mchoro kila mwinuko wenye asilimia zaidi ya 15, ukague kama ni handaki, kisha uunganishe kimo cha mlango wa kuingilia na cha kutokea kwa mstari ulionyooka.

Kosa la pili la programu ni ngazi. Vichochoro vya kale vya Genova na vya vijiji vya Cinque Terre vinaonekana kama njia fupi nzuri. Vingi ni vya matofali na mawe, na vingine ni ngazi tupu. Kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, angalia lebo ya ngazi kabla ya kukubali mstari wowote ulio mwembamba na ulionyooka kupanda kilima.

Ventimiglia hadi Imperia. Hali: tayari

Ndiyo sehemu nyepesi. Kuanzia Ospedaletti hadi San Lorenzo al Mare kuna kilomita 24 za njia ya baiskeli juu ya reli iliyohamishiwa ndani mwaka 2001. Reli haipandi zaidi ya asilimia chache, kwa hiyo ni tambarare. Hatari yake ni watu: watoto, mbwa wenye kamba ndefu, na baiskeli za kukodi za watu wanne. Jumapili mchana mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni mkubwa. Pita kabla ya saa tatu asubuhi.

Cipressa na Poggio, vilima vya mwisho vya mbio za Milano–Sanremo, viko juu tu ya njia hii. Poggio ni kilomita 3.7 zenye wastani chini ya asilimia 4. Kwa mzigo unapandika bila shida, na anayetaka apande, ila uamuzi huo ufanyike akiwa na maji.

Imperia hadi Savona. Hali: tayari, isipokuwa Noli

Rasi (kwa Kiitaliano capo) tatu zinafuatana: Capo Berta, Capo Cervo na Capo Mele. Ngumu ni Berta: karibu kilomita 2 hadi kwenye mita 130 hivi. Kuna barabara ya chini kati ya Oneglia, sehemu ya Imperia, na Diano Marina, iitwayo Incompiuta, inayoikwepa kabisa, lakini iko chini ya mwamba na imewahi kufungwa kwa sababu ya mawe. Uliza Oneglia kabla ya kuishika.

Tatizo hilohilo liko kati ya Varigotti na Noli, ambako Aurelia imechongwa kwenye jabali. Mvua ikinyesha sana mawe yanaanguka, na barabara inafungwa kwa saa au kwa majuma. Njia mbadala ya barabara inapanda sana ndani, kwa hiyo mpango wetu ni treni kutoka Finale Ligure hadi Spotorno. Treni za mkoa zenye alama ya baiskeli kwenye ratiba zinachukua baiskeli kwa tiketi yake yenyewe. Mikoba itolewe kabla treni haijafika, siyo mlangoni.

Savona hadi Nervi. Hali: nusu kwa baiskeli, nusu kwa treni

Kati ya Varazze na Cogoleto kuna reli nyingine ya zamani, lami safi, mahandaki mafupi na mawimbi miguuni. Baada ya Arenzano uzuri unaisha. Kutoka Voltri hadi Nervi ni Genova moja kwa moja: bandari, malori ya makontena, pikipiki zinazopita pande zote mbili, na barabara ya juu ya mjini, Sopraelevata, ambayo baiskeli haziruhusiwi. Inawezekana kupita, ila hakuna faida yoyote. Treni za mjini zinaunganisha Voltri na Nervi, na tumeziandika kwenye mpango. Epuka saa za wafanyakazi.

Nervi hadi Sestri Levante. Hali: tayari

Baada ya Recco barabara inapanda hadi Ruta, juu ya Camogli, karibu mita 270 kutoka baharini, kisha inashuka kwa kona hadi Rapallo. Hapo ndipo breki zitajaribiwa kwanza kwa kweli. Recco wana focaccia (mkate bapa) yao ya jibini, tamu sana na nzito sana. Iliwe Rapallo, baada ya kilima.

Kwa chakula cha njiani farinata ni bora zaidi. Ni unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, uliookwa kwenye sinia pana la shaba, na mtu wa pwani ya kwetu ataufurahia kama bajia bapa. Maduka mengi ya mikate hufunga mchana mpaka saa kumi hivi, kwa hiyo chakula cha kilima cha jioni kinunuliwe kabla ya saa sita.

Bracco. Hali: mpango umebadilishwa

Kutoka Sestri Levante hadi Passo del Bracco ni karibu kilomita 15 na kimo cha mita 615. Wastani ni asilimia 4, lakini kuna vipande vikali na vya kupumzikia. Kwa kilo 105 na wati 140 mfululizo, ni saa moja na nusu. Magari mengi yako kwenye autostrada (barabara kuu ya magari) ya A12, na barabara hii imebaki tulivu siku za kazi. Jumamosi na Jumapili ni ya wenye pikipiki kubwa, wanaokata kona kwa ndani. Kwa hiyo Bracco imehamishwa kutoka Jumamosi hadi siku ya kazi, na siku zote za nyuma zimesogezwa. Maji ni lita 2 kila mtu, na koti la upepo liwe juu kabisa ya mkoba: kilele kina upepo na ukungu hata ufuo ukiwa na joto, na utashuka umelowa jasho.

Baada ya kilele unashukia bonde la mto Vara, halafu kinabaki kilima cha La Foce kabla ya La Spezia. Atakayechoka anaweza kukata Carrodano na kushuka Levanto. Kutoka Levanto kupitia Bonassola hadi Framura kuna njia ya baiskeli ndani ya mahandaki ya reli ya kale, na Levanto ina stesheni ya kwenda La Spezia.

Sheria, hali ya hewa na yaliyobaki

Kizibao kinachoakisi mwanga ni lazima ndani ya mahandaki ya barabara, na nje ya miji kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama. Taa mbele na nyuma ziwashwe kabla ya mlango wa handaki, na miwani ya jua ivuliwe hapohapo. Nje ya miji mnafuatana mmoja nyuma ya mwingine. Tangu Desemba 2024 sheria inamtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli aache mita 1.5 pale hali ya barabara inaporuhusu. Vibao vya kijani ni vya autostrada na haviwahusu.

Msimu ni mwisho wa Aprili hadi katikati ya Juni, au Septemba. Oktoba na Novemba tumeziondoa: mito ya Liguria ni mifupi na mikali, na inafurika kwa saa chache. Vernazza na Monterosso, vijiji vya Cinque Terre, zilizama kwenye tope tarehe 25 Oktoba 2011, na Genova ilifurika mwezi uliofuata na tena Oktoba 2014. Tahadhari ya mkoa ikifika rangi ya chungwa hatuondoki, na hema halipigwi kwenye mto mkavu msimu wowote. Kati ya Savona na Voltri upepo wa kaskazini, tramontana, unatoka mabondeni kwa vishindo na kukusukuma kuelekea ukuta wa bahari. Hapo mikono yote miwili ibaki kwenye usukani.

Bado: diski ya mbele ya baiskeli ya pili, kuzoesha pedi zake kwa kubana mara ishirini kutoka kilomita 30 kwa saa, kukaza bolti za keria upya baada ya kilomita 50 za kwanza, na kupata ratiba ya treni za Finale kwa juma lile la safari.